Flaiwili imegoma kutoka: pula ninunue, niazime au nitengeneze?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za kazi. Ninaijenga upya injini ya pikipiki ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 125 (cc 125), kazi ambayo nimeifanya mwenyewe nyumbani tangu siku nilipofungua bolti ya kwanza, na sasa nimekwama kwenye kitu kimoja tu, nacho ni flaiwili ya magneto, lile gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka na injini na kuzalisha umeme. Nati yake imefunguka bila shida na washa imetoka. Nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha usiku kucha, lakini flaiwili imeng'ang'ania kwenye kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, kana kwamba imelehemiwa. Zana inayotakiwa ninaijua, ni pula ya flaiwili, ile inayojifunga kwenye hesi (nyuzi za skrubu) za kitovu huku bolti yake ya katikati ikisukuma ncha ya kranki. Sina zana hiyo, na nikiinunua huenda nisiishike tena kwa miaka kadhaa.

Ningeweza kuchukua nyundo, na ninajua wako watakaonishauri hivyo. Kilichonizuia ni nati ya klachi ya injini hii hii, ambayo niliikuta katika hali ya kusikitisha.

Wanaozijua injini hizi wanakumbuka kwamba nati ya klachi haina pembe sita kama nati za kawaida. Ni ya duara, ina mapengo manne usoni, na hufunguliwa kwa soketi ya meno manne ambayo kwa injini nyingi ndogo za muundo huu ni ya milimita 20 kwa 24. Aliyewahi kuifungua kabla yangu hakuwa nayo. Alisimamisha patasi kwenye pengo na kupiga nyundo hadi nati ikazunguka, na wakati wa kuirudisha akapiga kwa upande wa pili. Mapengo mawili kati ya manne yalikuwa yamepondeka hadi kingo zake zimekunjukia nje, na nilipofungua chujio la oili nilikuta kijipande cha chuma chenye ukubwa wa punje ya mtama kimelala kwenye wavu. Sina ushahidi kamili kwamba kilitoka kwenye ile nati, lakini kilitoshana na mahali palipokuwa pamemeguka.

Zana ile niliitengeneza mwenyewe. Jaribio la kwanza lilikuwa boksi spana ya bomba, ya kufungulia plagi, ambayo chuma chake ni laini na tupa inakikata bila taabu. Nilichonga meno manne kwa saa nzima, nikafunga, nikavuta, na meno yakajipinda kama bati. Mara ya pili nilichukua soketi nene iliyochakaa. Chuma cha soketi ni kigumu, tupa hukikwaruza tu, kwa hiyo nilikikata kwa diski huku nikikizamisha kwenye maji kila baada ya sekunde chache ili kisipate moto kikapoteza ugumu wake. Ili kujua meno yakae wapi, nilipaka masizi ya mshumaa juu ya nati, nikakandamiza uso wa soketi juu yake, na soketi ikabeba alama nne zilizo wazi, zenye upana kamili wa mapengo. Nilikata nje kidogo ya alama, kisha nikasugua kwa msasa hadi soketi ikaingia bila kucheza. Niliishikilia klachi isizunguke, nikavuta mara moja, na nati ikaachia. Nilinunua nati mpya, ile ya zamani nimeihifadhi.

Kwa hiyo ninajua kwamba baadhi ya zana maalumu zinaweza kutengenezwa nyumbani. Ninachotaka kujua kutoka kwenu ni kama pula ya flaiwili ni mojawapo, au hapa ndipo mtu anapaswa kukubali kwamba anahitaji zana moja zaidi na aitafute ile iliyo sahihi. Nina pula ya kawaida ya mikono mitatu, ya kuvutia beringi na gia. Je, inaweza kufanya kazi hii?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umefanya vizuri kusimama kabla ya kupiga nyundo. Nitajibu swali la mwisho kwanza kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa zaidi: pula ya mikono mitatu usiitumie hapo. Mikono yake itashika ukingo wa nje wa flaiwili, wakati kilichokwama ni kitovu. Kwenye flaiwili nyingi za aina hii kitovu na bakuli ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa riveti, na ukivuta bakuli unalazimisha nguvu yote ipite kwenye riveti na kwenye mdomo wa bakuli. Bakuli likipinda hata kidogo, flaiwili itayumba inapozunguka, na kwa mizunguko elfu kadhaa kwa dakika utausikia mtetemo huo hadi kwenye vishikizo vya usukani. Pula sahihi huvuta kitovu chenyewe, karibu kabisa na mhimili.

Kuhusu nyundo, watu husema "igonge pembeni kidogo itaachia", na mara nyingine huachia kweli. Lakini kranki ya injini ya silinda moja kwa kawaida si kipande kimoja. Ni mabamba mawili yaliyobanwa kwa shinikizo kwenye pini ya konrodi, na pigo la pembeni kwenye ncha ya mhimili linaweza kuyasogeza mabamba hayo yakapoteza mstari wao. Hutaona chochote kwa macho. Utafunga injini, itawaka, na baada ya muda beringi za kranki zitaanza kulia. Sumaku za ndani ya bakuli nazo hazipendi kugongwa, kwa sababu zinaweza kupasuka au kubanduka. Ukipiga ncha ya kranki moja kwa moja, hesi za nati zinaharibika, na hapo utakuwa umepata kazi kubwa kuliko ile uliyoianza.

Kabla ya kutafuta pula, pima. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wananunua pula kwa kutaja jina la pikipiki, halafu wanakuta haiingii. Safisha hesi za kitovu kwa brashi ya waya na petroli kidogo hadi mabonde yake yaonekane. Pima kipenyo kwa kalipa ya veniya, kisha pima hatua ya hesi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine, kwa geji ya hesi. Ukubwa mmojawapo unaokutana nao sana kwenye injini ndogo ni M27 yenye hatua ya milimita 1, lakini upo mwingine mwingi, na baadhi ya vitovu vina hesi za kushoto. Angalia hesi zinaelekea wapi, kwa sababu mtu akilazimisha pula ya kulia kwenye hesi za kushoto anazila zote kwa zamu moja ya spana.

Ukiipata, ifunge kwa mkono hadi iishie. Ikisimama baada ya mizunguko miwili au mitatu, itoe usafishe tena, usivute kwa hesi mbili. Paka grisi kwenye bolti ya katikati. Rudisha nati ya kranki kwa hesi chache bila kuibana, kama pula yako ina nafasi ya kuipokea, ili flaiwili ikiruka isikuangukie mguuni. Kaza bolti ya katikati hadi iwe nzito kweli, kisha gonga kichwa cha bolti hiyo pigo moja fupi, ukielekeza kwenye mstari wa mhimili. Pigo hilo ni halali kwa sababu pula tayari inavuta kitovu, na mshituko mdogo unatosha kukiachisha kwenye koni ya kranki, yaani sehemu yake iliyochongoka. Kisipoachia, kaza robo ya zamu, gonga tena. Usitumie tochi ya gesi karibu na sumaku.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, naomba nitoe mtazamo tofauti, na sisemi hivi kwa kudharau kazi ya mtu. Nimekarabati pikipiki nyumbani kwa miaka mingi na nina sanduku zima la zana ambazo kila moja imefanya kazi siku moja tu. Kuna kibano cha springi za valvu ambacho kilifaa kwa injini moja niliyoiuza. Kuna kikata cheni ambacho mdomo wake hautoshi cheni ya pikipiki niliyonayo sasa. Kuna vipimo vinne vya kulinganisha kabureta, vya kuninginiza, na leo ninaendesha pikipiki yenye kabureta moja. Kila moja niliinunua nikiwa na hakika kwamba siwezi kuendelea bila hiyo, na kila mara nilikuwa sahihi kwa siku ile. Nikijumlisha gharama ya zana zote hizo, ningeweza kumlipa fundi mwenye karakana kwa kazi hizo zote na bado nikabaki na akiba.

Ushauri wangu ni huu: beba injini yako, mpelekee fundi mwenye pula, akuvutie flaiwili mbele ya macho yako, rudi nayo nyumbani uendelee. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kujifunza si lazima kumaanishe kumiliki kila chombo kilichowahi kutengenezwa.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru nyote wawili, na naomba nianze na mchangiaji wa pili kwa sababu hoja yake ni nzito na imenifanya nifikiri usiku kucha.

Ninakubali kwamba idadi ya matumizi ni kigezo, lakini nadhani kipo kigezo kingine kinachopaswa kutangulia, nacho ni mahali ambapo nguvu inapita. Tazama kazi mbili nilizozifanya mwezi huu. Niliondoa beringi za gurudumu la mbele, ambazo ni 6301, yaani tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha milimita 37. Vitabu vinataka pula ya ndani yenye nyundo ya kuteleza. Mimi sikuwa nayo, na sikuihitaji. Niliipasha habu, yaani kitovu cha gurudumu, joto polepole na kwa usawa hadi tone la maji likachemka juu yake. Habu ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha beringi, kwa hiyo kwa ongezeko la nyuzi joto 80 tundu la milimita 37 linapanuka kwa karibu milimita 0.07. Beringi nayo hutanuka kidogo, lakini tofauti inayobaki inatosha kuulegeza mbano. Niliisogeza pembeni ile bomba inayokaa kati ya beringi mbili, nikapitisha fimbo kutoka upande wa pili, na beringi ikatoka kwa mapigo mepesi ya kuzunguka. Za kuingiza nilizilaza kwenye barafu kwanza, na nilizisukuma kwa soketi iliyogusa pete ya nje peke yake. Niliweza kufanya hivyo bila zana maalumu kwa sababu beringi ya zamani nilikuwa naitupa. Kitu pekee kilichopigwa ni kitu ambacho tayari kilikuwa kimekufa.

Kwenye flaiwili mambo ni kinyume. Kila kitu kinachoguswa kinabaki: kitovu, sumaku, koni, kranki na hesi zake. Hakuna hata kimoja ninachokusudia kukitupa. Kwa hiyo nguvu inatakiwa ipite kwenye njia moja tu ambayo mtengenezaji ameiandaa, na njia hiyo ni zile hesi za kitovu. Waliounda injini hii waliweka hesi ambazo hazifungi kitu chochote pikipiki ikiwa barabarani, hesi ambazo zipo kwa ajili ya siku ya kuvuta tu. Kwangu mimi huo ni ujumbe ulioachwa na mtu aliyejua kwamba siku moja kutakuwa na mtu mbele ya flaiwili iliyogoma.

Nati ya klachi iko katikati. Zana yake nimeitengeneza, na kama ingeteleza ningepoteza nati tu, ambayo inapatikana. Ndiyo maana nilithubutu kujaribu mara mbili.

Kuhusu kupeleka kwa fundi, sina pingamizi, na hesabu yako ni sahihi. Ila ninapojenga injini kwa muda mrefu, flaiwili haitatoka mara moja. Itatoka leo ili nibadilishe sili ya kranki (pete ya kuzuia oili isivuje), itarudi ili nipange taiming, yaani wakati wa cheche, na kama sili itavuja itatoka tena. Nimeamua kwamba nitaazima kwanza. Nikikosa, nitanunua, na nikishanunua itakuwa ya kuazimwa na mwingine.

Lipo jambo moja dogo ambalo sikulitaja. Skrubu za kava la magneto zilikuwa za msalaba, na tatu kati yake zilikuwa zimeliwa vichwa hadi duara. Wengi wetu tunatumia bisibisi ya Phillips kwenye skrubu za Kijapani na kulaumu ubora wa skrubu. Henry Phillips alipata hataza ya muundo wake Marekani mwaka 1936. Skrubu nyingi za pikipiki za Kijapani hufuata kiwango cha nchi hiyo, JIS, na kwa macho zinafanana na za Phillips, lakini pembe za ndani hazilingani, kwa hiyo ncha ya Phillips haifiki chini vizuri na hupanda juu unapokaza mkono. Nyingi zina kitone kidogo kwenye kichwa. Bisibisi ya JIS, pamoja na bisibisi ya kugonga, ile inayogeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko, zimeniokolea skrubu zote zilizobaki. Hizi mbili sizihesabu kama zana za siku moja. Ninazishika kila wiki.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma uzi huu kwa makini na ninaunga mkono hoja ya mahali nguvu inapopita, lakini ninashangaa kwamba hakuna aliyegusa upande wa kufunga. Tunazungumza kuhusu namna ya kutoa flaiwili, ilhali flaiwili nyingi zinazoleta matatizo zilianza siku zilipofungwa.

Mkuu, una spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Kama huna, basi hiyo ndiyo zana moja unayohitaji kabla ya hiyo pula. Bolti ya milimita 6, ile inayofunga makava ya injini, kwa kawaida inataka takriban Nm 10 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukishika mpini wenye urefu wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo tatu na nusu tu kwenye ncha yake. Mkono wa mtu mzima unavuta mara kadhaa ya hapo bila kuhisi. Bolti ya milimita 8 inataka karibu Nm 22, ya milimita 10 karibu Nm 34, na haya ni makadirio ya jumla ya kutumia pale tu ambapo kitabu cha huduma hakikutaja namba. Ona namba zinavyopanda kwa kasi kuliko unene wa bolti. Mtu anayekaza kwa hisia hukaza bolti ndogo kupita kiasi na kubwa chini ya kiwango, na aluminiamu ndiyo inayolipa.

Jambo jingine ni mafuta. Katika nguvu yote unayoiweka kwenye spana, takriban sehemu tisa kwa kumi huishia kwenye msuguano, nusu chini ya kichwa cha bolti na nyingine kwenye hesi, na ni sehemu moja tu kwa kumi inayovuta bolti na kubana vipande. Ukipaka oili kwenye hesi ambazo kitabu kimekusudia ziwe kavu, msuguano unapungua, na kwa namba ileile ya toki bolti inavutwa zaidi sana. Nimekata bolti namna hiyo nikiwa na spana nzuri mkononi, nikiwa nimesoma namba sahihi.

Ukiinunua, ukimaliza kazi irudishe kwenye kiwango chake cha chini kabisa kabla ya kuihifadhi, usifungulie nati kwa hiyo, na ujue kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka ikaguliwe kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, kutegemea kipi kitatangulia. Chagua ndogo. Spana inayoanzia Nm 40 haina msaada kwa bolti nyingi za injini ya 125.

Mchangiaji wa pili

Hapo kwenye spana ya toki sina ubishi. Katika sanduku langu lote, hiyo na fila geji ndizo zilizochakaa kwa kutumiwa. Mkuu, ukiikosa pula ya kuazima, andika vipimo vya hesi zako hapa. Huenda nikawa ninayo miongoni mwa hizo nilizokuwa nazilalamikia.

Mwanzisha uzi

Wakuu, ninarudi na matokeo, na naomba mnivumilie kwa urefu kwa sababu nilichokikuta ndani kimenipa jibu la tatizo ambalo sikujua kwamba linahusiana na flaiwili.

Hesi za kitovu zilipima milimita 27 na hatua ya milimita 1. Pula niliipata kwa kuazima. Niliifunga kwa mkono hadi ikaishia, nikapaka grisi, nikaishika flaiwili kwa spana ya mkanda, nikakaza. Bolti ya katikati ilipokuwa nzito kiasi kwamba mpini ulianza kunirudisha mkono, niligonga kichwa chake mara moja. Hakuna kilichotokea. Nikaongeza robo ya zamu, nikagonga tena, na palitoka mlio mfupi, mkavu, kama kuni inayovunjwa kwa goti. Flaiwili ilikuwa imeachia na imeegemea nati niliyoiacha kwenye hesi za ncha.

Nilipoitoa niliona kii ya nusu mwezi, kile kijipande cha chuma kinachokaa kati ya kranki na flaiwili. Ilipaswa kuwa na pande zilizonyooka, lakini ilikuwa na ngazi katikati: nusu ya chini ilikuwa imekaa ndani ya mfereji wa kranki, nusu ya juu imesukumwa pembeni kwa kama nusu milimita. Nilipitisha kucha juu yake na kucha ikakwama. Koni ya kranki ilikuwa na alama za kahawia za kutambaa, na ndani ya kitovu kulikuwa na utando wa oili iliyokauka.

Tafadhali fikirieni maana yake. Koni ya injini hii ina kipenyo cha karibu milimita 14 pale kii inapokaa, na mzingo wake ni karibu milimita 44. Nusu milimita kwenye mzingo huo ni takriban digrii 4 za mzunguko. Kwenye injini hii, kisoma-cheche husoma jino lililo upande wa nje wa flaiwili. Flaiwili ikirudi nyuma kwa digrii 4, cheche inachelewa kwa digrii 4, kila mzunguko, bila kukosa. Kwa miezi kadhaa kabla sijaifungua, pikipiki hii ilikuwa nzito kwenye mlima, bomba lake la eksozi lilikuwa limegeuka rangi ya bluu karibu na silinda, na mimi nilikuwa ninabadilisha jeti za kabureta. Nilisafisha kabureta hiyo mara tatu, wakati kabureta haikuwa na kosa lolote.

Hapa ndipo maneno ya mchangiaji wa tatu yalipopata uzito wake kwangu. Nilikuwa nadhani, na nadhani wengi wanaamini, kwamba kii ndiyo inayoishika flaiwili. Sivyo. Kinachoishika ni koni mbili kavu zinazobanwa na nati hadi zinakuwa kama kitu kimoja, na kii inaonyesha tu mahali pa kuanzia. Mtu akifunga koni ikiwa na oili, au akikaza nati kwa kukadiria, koni inateleza kidogo kidogo, mzigo wote unaangukia kii, na kii haikuumbwa kubeba mzigo huo.

Nimeweka kii mpya. Koni zote mbili nimezisafisha kwa petroli na kuzikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha nikazisugua zenyewe kwa zenyewe, bila kii, kwa mchanga laini wa kusagia valvu hadi rangi ya kijivu ikaenea karibu uso mzima badala ya kuwa vidoa. Nikasafisha tena mchanga wote, kwa sababu ukibaki utakula beringi. Sili ya kranki imebadilishwa. Kuhusu spana ya toki, nimenunua, na ndiyo zana niliyoichagua kuimiliki badala ya pula. Nati ya flaiwili nimeifunga kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha huduma cha injini hii, koni ikiwa kavu, na nilipoisikia ikibofya nilishangaa kwa sababu ilikuwa mbele kabisa ya pale ambapo mkono wangu ungesimama.

Injini imewaka kwa kiki ya pili. Kabureta nimeirudishia jeti zake za awali.

Mchangiaji wa kwanza

Hongera sana, mkuu. Naomba picha ya hiyo kii, na usiitupe. Kwa wanaosoma uzi huu baadaye: mkiona pikipiki imepoteza nguvu ghafla baada ya magneto kufunguliwa, au inarudisha kiki kwa nguvu mguuni, angalieni kii kabla ya kununua koili au CDI (kisanduku cha kuwasha cheche).

Mwanzisha uzi

Nitaipiga picha pamoja na ile nati ya klachi. Vipimo vya soketi ya meno manne nitaviandika kwa yeyote anayetaka kuichonga, na soketi yenyewe ipo kwa mwenye kuihitaji, pamoja na vipande viwili vya bomba la plastiki nilivyovikata kwa urefu kwa ajili ya kusukumia sili za shokapu.

Na hilo ndilo linalofuata. Shokapu za mbele zinavuja, na bolti ya chini ya mguu wa kulia inazunguka pamoja na fimbo ya ndani bila kufunguka. Ninajua mbinu ya kushindilia mpini wa ufagio wa mbao uliochongwa ncha kupitia juu ili uishike fimbo, na nimeijaribu kwa shokapu ikiwa bado na springi ndani kwa ajili ya msukumo, kisha bila springi. Mguu wa kushoto ulikubali, wa kulia umekataa. Kichwa cha fimbo ya ndani nimekimulika kwa tochi na kinaonekana kuwa na shimo la duara lenye meno, si la pembe sita. Mwenye kujua ni chombo gani kinaingia pale, naomba anielekeze, ili nijue kama hiki nacho ni cha kuchonga au ni cha kuazima.